Nilishika tochi mwenzangu akionewa, na sasa nimechaguliwa kusaidia kuzuia uonevu

Mwalimu,

Pokea salamu zangu kutoka Nakuru. Nina miaka 17, niko kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wavulana upande wa Molo, na ninaandika nikiwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Jumapili ninarudi. Ndani ya begi langu kuna fomu ya kutiwa sahihi na mama, kisha na mimi. Tangu nipewe fomu hiyo sijalala vizuri.

Mwishoni mwa Mei walikuja shuleni watafiti watatu kutoka chuo kikuu. Walitukusanya ukumbini wakatueleza kwamba wanachunguza namna ya kuzuia uonevu. Kila mmoja alipewa karatasi aandike majina ya wanafunzi anaokaa nao sana nje ya darasa. Wiki iliyofuata tuliitwa wanafunzi 24. Tukaambiwa kwamba tukikubali, tutajitolea muhula huu na ujao: tujaze hojaji, tukutane nao kila baada ya wiki mbili, na tubuni wenyewe njia za kuleta amani bwenini. Hakuna malipo, ila soda na mkate siku ya mkutano. Mimi ni nahodha wa voliboli, kwa hivyo nadhani jina langu liliandikwa na wengi. Walimu walinipongeza. Mwalimu mkuu alinishika bega mbele ya watu.

Ningependa kukubali. Lakini kuna jambo wasilolijua.

Unakumbuka kwamba mwaka 2025 shule za upili hazikupokea wageni, kwa sababu Gredi ya 10, darasa la kwanza la upili katika mtaala mpya, ilikuwa bado haijafika. Sisi tulioingia 2024 ndio tuliokuwa kidato cha kwanza cha mwisho. Tulionewa, mwalimu. Tulifua soksi za watu, tukabeba maji ya moto kutoka jikoni, tukala chakula cha jioni kikiwa nusu kwa sababu nusu nyingine ilikuwa ya wakubwa. Kisha ukapita mwaka mzima bila mono, yaani mwanafunzi mgeni, hata mmoja, na walimu wakasema ile tabia imekufa. Januari hii Gredi ya 10 walipoingia, tabia ilifufuka ndani ya wiki moja. Na walioifufua si kidato cha nne peke yao, hata sisi tulikuwemo. Tulisema tumengoja miaka miwili.

Usiku mmoja mwanzoni mwa muhula huu stima ilipotea. Wawili wa kidato cha nne walimwamsha mvulana wa Gredi ya 10 anayetoka upande wa Ahero, wakamwambia awe redio. Unaujua mchezo huo? Mtu huingizwa uvunguni mwa kitanda. Chuma kikigongwa, anaimba. Kikigongwa tena, anabadilisha stesheni: anasoma habari, anatangaza mpira. Mmoja wao alinirushia tochi akasema, “Mulika hapo.” Nikamulika. Sikumpiga wala sikumtukana, lakini tochi sikuizima. Alitangaza mpira mpaka sauti ikakauka. Alipotoka wakachukua blanketi lake, wakasema ni ada ya leseni ya redio. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Hakunijua, maana mwanga ulikuwa machoni pake. Sasa ni rafiki yangu. Ninamsaidia hesabu wakati wa prepu. Analala na sweta mbili na taulo. Hajamwambia mamake, kwa sababu blanketi lile lilinunuliwa kwa pesa za chama na anaogopa ataulizwa alilipeleka wapi. Aliposikia nimechaguliwa aliniambia, “Afadhali ni wewe.” Nilienda msalani nikakaa huko mpaka kengele ikalia.

Wenzangu bwenini wameshaanza kuniita mchongezi. Mama, ambaye huuza viazi na sukuma Soko la Wakulima, ameisoma fomu akasema, “Nilikupeleka shule usome, si uchunguze watoto wa watu.” Habari ya tochi sijamwambia.

Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo maana nimeamua kukuandikia. Nauliza mambo matatu. Je, mtu kama mimi anafaa kukubali kazi hii? Nikiulizwa kwenye hojaji kama nimewahi kushiriki uonevu, niandike ukweli, na naibu wa mwalimu mkuu akiona je? Na huyu kijana, nimwambie?

Mshika Tochi, Nakuru


Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pamoja: yule mtoto bado hana blanketi. Umeniuliza mambo matatu na hilo si mojawapo, lakini ndilo nitakaloanza nalo.

Watafiti wenu watakutana nanyi kila baada ya wiki mbili mpaka muhula ujao. Kisha watarudi chuoni, wahesabu, waandike, wasomwe na wenzao, waambiwe waandike upya. Matokeo yao yatakapotoka, huenda wewe utakuwa umeshafanya mtihani wa kidato cha nne na kuondoka. Siwalaumu, maana kazi ya ukweli huenda polepole. Lakini huu ni Juni, na wewe unaijua baridi ya Molo ya Juni na Julai kuliko mimi ninayeandika kutoka mjini. Kusaidia utafiti ni wajibu mmoja. Kumsaidia mtoto huyu ni wajibu mwingine, na huo ni wa wiki hii. Nimewaona watu wazima wakijificha nyuma ya kamati, wakisema jambo linashughulikiwa, huku anayeumia akiendelea kuumia palepale kamati inapokutana. Sitaki ujifunze hilo ukiwa na miaka 17.

Leo uko nyumbani na una simu. Jumapili hutakuwa nayo. Kwa hivyo piga leo nambari 116, simu ya kuwasaidia watoto hapa Kenya. Haina malipo, inapokelewa usiku na mchana. Eleza ulichoniambia mimi: mchezo wa redio, blanketi, na kwamba jambo hili linaendelea. Uliza ni nani anayeweza kulifuatilia bila mtoto huyo kugeuziwa kibao na waliomwonea. Ukirudi shuleni mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, awe mwalimu wa ushauri nasaha, mlezi wa bweni au kasisi, na umweleze ana kwa ana. Usiandike.

Nina sababu ya kusema usiandike. Nilipokuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ambayo sitaitaja, tuliweka sanduku la maoni karibu na maktaba. Niliwaahidi wanafunzi kwamba hakuna haja ya kuandika jina. Mtoto mmoja akaandika kuhusu kiranja aliyekuwa akiwachapa wadogo kwa mkanda. Niliisoma barua ile kwenye kikao cha walimu, halafu nikaiacha mezani. Mwalimu wa darasa lake aliutambua mwandiko, akamwita, akamhoji kiranja akiwa amesimama hapohapo. Kufika Ijumaa shule nzima ilijua. Jina la mtoto yule halikutoka kinywani mwangu hata mara moja, na bado mimi ndiye niliyemtoa. Kila nikiona karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, moyo hunipasuka upya. Nilimwomba msamaha. Aliitika kwa adabu, na hakuniambia tena jambo lolote mpaka alipomaliza shule.

Hilo likae kichwani mwako tunapofika kwenye fomu. Kwanza, hata hivyo, tuzungumze kuhusu tochi.

Unaandika kwamba hukumpiga wala hukumtukana. Ni kweli, na ninaelewa kwa nini umetaka nilijue hilo. Lakini tazama vizuri nafasi uliyokuwa nayo usiku ule. Mwaka 1996 mtafiti wa Finland, Christina Salmivalli, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wa darasani ulioonyesha kwamba uonevu si jambo la watu wawili tu, anayeonea na anayeonewa. Kuna wanaomsaidia mwonevu, kuna wanaomchochea kwa kucheka na kushangilia, kuna wanaojitenga kando, na kuna wanaomtetea anayeonewa. Ulimulika, ukacheka. Umeshajijua uko wapi. Redio ile isingekuwa mchezo gizani bila mtu wa kuimulika na watu wa kuisikiliza.

Sikuambii haya nikuzidishie uzito. Nakuambia kwa sababu nafasi yako ndiyo iliyokuwa na nguvu ya kuukatiza mchezo. Huko Canada, watafiti waliwarekodi watoto wa shule ya msingi kwa video uwanjani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Katika visa 88 kati ya kila 100 vya uonevu, watoto wengine walikuwepo wakitazama. Walioingilia kati walifanya hivyo katika visa 19 tu kati ya 100. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Nimewahi kuhesabu sekunde 10 kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni. Ni muda wa kutosha mtu kusema, “Jamani, wacheni alale.” Ni muda wa kutosha kuzima tochi na kusema betri imekwisha.

Nakiri kwamba uwanja wa watoto wadogo mchana si bweni la wavulana wakubwa usiku bila stima. Sikushauri ujitupe katikati ya vijana wa kidato cha nne kwa ngumi, tena peke yako. Wakati mwingine kutetea ni kwenda kumwamsha mlezi wa bweni, na wakati mwingine ni kukaa na aliyeumizwa baadaye. Nilichotaka uone ni kwamba wewe unajiona mtu mdogo sana katika kisa hiki, na hukuwa mdogo hivyo.

Na hapo ndipo ninapojibu swali lako la kwanza. Ndiyo, mtu kama wewe anafaa, na huenda watafiti hao wanakuhitaji kuliko kijana ambaye hajawahi kukosea.

Tuchukue ile karatasi ya majina. Inanikumbusha utafiti mmoja mkubwa uliofanywa katika shule 56 za jimbo la New Jersey, Marekani, mwaka wa masomo wa 2012 hadi 2013, ukachapishwa 2016 na Elizabeth Levy Paluck, Hana Shepherd na Peter Aronow. Huko nako wanafunzi waliulizwa ni akina nani wanaokaa nao. Kisha katika nusu ya shule hizo, kikundi cha wanafunzi kati ya 20 na 32 kilichaguliwa kwa bahati nasibu, kikaalikwa kuongoza kazi ya kupunguza ugomvi. Hawakuchagua watoto wanaosifiwa na walimu. Hawakuwapa hotuba ya kukariri. Wanafunzi wenyewe ndio waliotaja matatizo ya shule yao na kubuni cha kufanya: mabango, kaulimbiu, na bangili za rangi ya machungwa za kumpa mwenzao aliyeonekana akituliza ugomvi au akimtendea mwingine wema. Kufikia mwisho wa mwaka, shule hizo zilikuwa na ripoti za ugomvi pungufu kwa robo au zaidi zikilinganishwa na shule zilizobaki. Na jambo linalokuhusu wewe ni hili: matokeo yalikuwa makubwa zaidi pale ambapo kikundi kilikuwa na wanafunzi wengi wanaotazamwa na wenzao. Wanafunzi wa namna hiyo wakibadilika, wengine hubadilisha hata mawazo yao juu ya nini ni cha kawaida.

Sasa rudi bwenini kwenu. Mlisema mmengoja miaka miwili, kana kwamba uonevu ni deni ambalo mtoto wa Ahero alikopa yeye. Aliyekuonea wewe 2024 pengine ameshamaliza shule, na huyu mtoto wakati huo alikuwa sekondari ya msingi, hakujua hata jina la shule yenu. Mwaka mzima wa 2025 mliishi bila mono, na hakuna aliyekufa kwa kukosa mtu wa kumfulia soksi. Hiyo ndiyo habari ambayo watafiti hawawezi kuipata kwa mwalimu yeyote. Mna ushahidi wa macho kwamba shule huendelea vizuri bila uonevu, na pia mnajua ni maneno gani yaliyosemwa wiki ile ya Januari ulipofufuliwa. Waambie. Nani alisema kwanza? Mlikuwa mmekaa wapi? Kwa nini hakuna aliyepinga? Kama ningekuwa mmoja wa watafiti hao, ningefunga safari mpaka Molo kwa ajili ya saa moja ya mazungumzo hayo.

Kuhusu kuitwa mchongezi, uliza kabla ya yote kazi yenu ni ipi hasa. Kujibu hojaji ni jambo moja. Kuwa mshauri wa watafiti na kubuni shughuli ni jambo la pili. Kukusanya majina ya waonevu na kuyapeleka kwao au kwa uongozi wa shule ni jambo la tatu, na hilo ulikatae waziwazi, hata likiombwa kwa upole. Wewe si polisi wa bweni. Ukishajua mpaka wa kazi yako unaweza kuwaambia wenzako kwa ukweli mtupu kwamba huandiki jina la mtu. Wengine hawatakuamini mara moja. Wataona kwa wakati.

Usiyachanganye hayo na blanketi. Mtoto anapoumia, kumweleza mtu mzima anayeweza kumlinda si uchongezi. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kutendewa kikatili na kudhalilishwa, iwe kwa mwili au kwa akili, na inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mchezo wa redio ni udhalilishaji. Wavulana wa Kenya wameuita mchezo kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nimewasikia wanaume wenye mvi wakiusimulia harusini huku wakicheka. Nikiwatazama vizuri machoni, si wote wanaocheka.

Sasa fomu, na hapa naomba mama asome pamoja nawe. Mama, kama unasoma: umeuliza jambo la maana, nami sitaki utie sahihi kwa sababu tu karatasi ina nembo ya chuo kikuu. Mwanao hajafika miaka 18, kwa hivyo kisheria bado ni mtoto. Idhini yako inahitajika, na ya kwake pia. Wewe ukikubali na yeye akatae, hashiriki. Mkikubali nyote wawili leo na mwezi ujao akachoka, ana haki ya kujitoa bila kuadhibiwa na bila kuulizwa sababu. Hayo yawe yameandikwa kwenye fomu. Yasipokuwepo, msitie sahihi.

Utafiti wowote hapa nchini unatakiwa kuwa na leseni ya tume ya taifa ya sayansi, ile ambayo wengi tunaijua kwa jina NACOSTI, na unaohusu watoto unatakiwa uwe umepitiwa na kamati ya maadili ya utafiti. Kamati kama hizo zipo katika vyuo vikuu: zipo Egerton pale Njoro, zipo Maseno, zipo Masinde Muliro kule Kakamega. Tafuteni kwenye fomu nambari ya leseni na simu ya kamati. Mama apige. Kupiga simu kuuliza si kuwashuku watu, maana nambari huwekwa pale ili ipigwe.

Kuna jambo moja katika simulizi yako lililonisumbua. Karatasi ya majina ilijazwa ukumbini kabla fomu hizi hazijafika kwa wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi aridhie kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa. Labda kuna ruhusa iliyopatikana mapema ambayo wewe huijui. Waulize kwa heshima, mbele ya kikundi: karatasi zile ziko wapi, na ni nani amezisoma? Watafiti wazuri hufurahi wakiulizwa maswali kama hayo. Wakikasirika, umepata jibu lako.

Kisha uliza kuhusu hojaji, kwa kuwa hapo ndipo lilipo swali lako la pili. Je, inajazwa kwa alama za vema tu, au mnaandika sentensi? Mwandiko hutambulika, nimekwisha kukuambia niliyoyafanya. Je, ina jina lako au nambari ya siri? Orodha inayounganisha majina na nambari inawekwa wapi, shuleni au chuoni? Je, walimu watakuwa chumbani mnapojaza? Wasiwepo. Karatasi zikusanywe na watafiti wenyewe, zifungwe kwenye bahasha mbele yenu, ziondoke shuleni siku hiyo hiyo. Yakiwa hivyo, naibu wa mwalimu mkuu hana njia ya kuiona karatasi yako, na mimi nakushauri uandike ukweli wote. Hojaji ikijazwa na watu waliojipamba, shule itapewa dawa ya ugonjwa ambao haina.

Lakini ujue mpaka wake. Siri ya utafiti ina ukomo. Mtafiti akisikia mtoto fulani yuko hatarini, kwa kawaida hawezi kunyamaza. Atalazimika kumhusisha mtu anayeweza kumlinda. Fomu nzuri husema hivyo waziwazi. Ukitaja katika kikao jina la mvulana wa Ahero na yaliyompata, usitarajie yaishie pale kikaoni. Na kikao cha watu 24 hakina siri hata kidogo, maana kila mmoja wenu ana rafiki wa kitanda cha chini. Mambo ya jumla yasemeni kikaoni, na ya mtu mmoja umweleze mtu mmoja.

Siwezi kukuahidi kwamba hutaadhibiwa kwa ajili ya usiku ule. Mambo yakifuatiliwa, waliomwingiza uvunguni wataulizwa, nao watasema nani alishika tochi. Afadhali walimu wawe wameshalisikia kutoka kinywani mwako. Ukiitwa, sema ulichofanya bila kupunguza, bila kujificha nyuma ya ile “sikumpiga”. Ikibidi mama aitwe, aitwe. Unahodha wa voliboli pia unaweza kwenda. Ni hasara, nami sitaki kukudanganya kwamba si kitu.

Nimwambie? Ndiyo, na kabla hujatia sahihi. Alisema “afadhali ni wewe” akiwa hajui ni wewe gani, na umekuwa ukimfundisha hesabu juu ya uongo huo kwa wiki kadhaa. Akija kulisikia kutoka kwa wengine, atapoteza blanketi na rafiki pamoja. Mwambie mchana, mahali pa wazi, penye njia ya yeye kuondoka akitaka. Usimpeleke pembeni gizani, amekwisha kupata giza la kutosha. Maneno yawe machache: tochi ilikuwa mikononi mwangu, nilicheka, nilikosa. Usimwombe akusamehe papo hapo, maana hapo unamwongezea kazi. Usilie ili akubembeleze. Halafu mwambie umeshaongea na nani, na umwulize yeye angetaka nini kifanyike. Pengine atataka jambo dogo sana, mfano kubadilishiwa kitanda. Pengine hatataka kukuona kwa muda, na hesabu atasaidiwa na mwingine. Yote mawili ni haki yake.

Akisema hataki uwe kwenye kikundi hicho kwa jina lake, msikilize sana. Na nafasi ikibaki wazi, waambie watafiti kwamba kikundi cha kuzuia uonevu kisiwe cha vidato vya juu tu. Hukunitajia kama kati ya hao 24 yumo hata mmoja wa Gredi ya 10. Ikiwa hayumo, lisemwe kikao cha kwanza.

Mpaka sasa nimezungumza kana kwamba mama anajua kila kitu, na umeniambia hajui. Anadhani fomu inakupeleka kuchunguza watoto wa watu. Mweleze habari ya tochi kabla hajashika kalamu, ili anachokitilia sahihi akijue. Huenda akakasirika. Mpe muda.

Kisha, kabla hujapanda gari la Molo Jumapili, pitieni pamoja kwa wauza mitumba, mchague blanketi zito la mtu mmoja. Lile lililochukuliwa lifuatiliwe na shule, lisisahauliwe kwa sababu limepatikana jingine. Na ukifika, anza na maneno ya tochi. Blanketi umpe baadaye, hata kama ni siku inayofuata, asije akadhani ndiyo bei ya kunyamaza kwake.

Mwalimu